Mwanamke Aliyeajiriwa Kumbeba Bi Kifungu

Tangazo la kazi lilizungukazunguka kama linaona haya: "Askari wa Bunge, daraja la pili, mwanamke, mwenye nguvu na staha." Kwa lugha ya watu, Bunge lilikuwa linatafuta mtu wa kumbeba mwanamke mmoja tu. Mwanamke huyo alikuwa Kiongozi wa Upinzani, mpya kwenye kiti, na wiki ya kwanza tu Spika alikuwa amemwamuru atoke nje, naye akakaa. Askari wanne wa kiume walimzunguka wakitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, maana hakuna aliyejua amshike wapi mama wa watu bila kuleta aibu. Wakasimama hivyo dakika arobaini. Spika akaahirisha kikao akiwa amefura, na kesho yake tangazo likabandikwa.

Kwenye usaili walikuja mlinzi wa benki, mwalimu wa michezo na askari magereza mstaafu mwenye mabega mapana kama mlango. Kazi ikaenda kwa mhudumu wa wodi, mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, aliyeshiba mapajani, ambaye kwa miaka kumi na sita alikuwa akiwahamisha wagonjwa kutoka kitandani hadi kwenye machela na kuwarudisha. Jopo lilipomuuliza angefanyaje, hakupoteza maneno. Alimwendea mwenyekiti wa jopo, bwana mwenye kitambi cha kutosha, akapitisha mkono mmoja mgongoni hadi kwapani na mwingine chini ya magoti, akakunja magoti yake mwenyewe, mgongo wima, akamwinua na kumkalisha juu ya meza.

"Hivi," alisema. "Na hakuna panapouma."

Mwenyekiti alikaa pale mezani akijipapasa kiuno, akakubali kwamba hapaumi.

Siku ya kwanza ya kazi yenyewe ilimkuta mwezi wa pili. Spika akapiga rungu lake, akasema Mheshimiwa Kiongozi wa Upinzani atoke, na mheshimiwa akavua miwani, akaiweka kwenye mkoba, akavua viatu akavishika mkononi, kisha akatulia kitini kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mhudumu wa zamani akaenda. Kumbeba hakukuwa tabu, kilo sabini na moja si mzigo kwa mtu aliyezoea wodi. Tabu ilikuwa sketi. Walipofika katikati ya ukumbi ilianza kupanda, na juu ghorofani wapiga picha walikuwa wamekwisha kuinama na kamera zao. Askari akasimama palepale, akamshusha mheshimiwa kwenye kiti cha karani mmoja, akavua koti lake la sare, akamfunika miguu, akambeba tena. Picha iliyotoka magazetini ilikuwa ya koti. Chini yake mwandishi mmoja mwenye mdomo alimwita "winchi la Bunge," na tangu siku hiyo hata aliyemwandikia mshahara alikuwa hana uhakika na jina lake halisi.

Mheshimiwa naye alikuwa na lake. Alizijua Kanuni za Bunge kwa namba, akizitaja kama mtu anavyotaja majirani zake, na wenzake wa pande zote mbili walimwita Bi Kifungu.

Mume wa Winchi alikuwa fundi cherehani, na alipoisikia habari ya sketi hakucheka, ingawa kwa kawaida hakuna jambo lililompita bila utani. Alikata kitambaa kizito cha buluu, akashona shuka pana yenye kamba nne pembeni. Tangu hapo utaratibu ukawa huo: Spika akiamuru, Winchi anakuja na shuka yake, anaitandaza mapajani mwa Bi Kifungu, anafunga kamba mbili kiunoni na mbili chini ya magoti, Bi Kifungu anashika viatu vyake, wanakwenda. Mara ya tano wabunge walikuwa hawageuki hata kutazama. Nchi inazoea, na hilo ndilo baya lake.

Kwenye mwisho wa korido, kando ya stoo ya karatasi, palikuwa na benchi. Hapo ndipo Winchi alipomshusha kila mara, na hapo Bi Kifungu alivaa viatu vyake taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Kwa nini usitembee tu, Mheshimiwa?" Winchi aliuliza mara ya pili au ya tatu, akijifuta jasho. "Mlango uko hatua ishirini."

"Nikitembea, nimekubaliana nao. Sikukubaliana nao." Akafunga kamba ya kiatu. "Nakuumiza mgongo?"

"Nina mgongo mzuri."

"Basi tuendelee, mdogo wangu. Wewe kazi yako kunitoa, yangu kurudi."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Muuza mboga wa mtaani alimwambia mboga zimekwisha, na mafungu yake yamejaa mezani. Binti yake, wakati huo yuko sekondari, alibandika picha ya Bi Kifungu ukutani juu ya kitanda chake, na wiki nzima akawa anampa mama yake salamu ya juu juu tu. Winchi alijitia hamnazo. Alisema ni kazi, ada ya shule haitoki mawinguni, na kama si yeye angetafutwa mwingine asiyejua kushika mtu. Yote hayo yalikuwa kweli. Aliyasema mara nyingi mno kwa mtu mwenye amani moyoni.

Kilichomtia kidonda ni mara ya tisa. Siku hiyo Bi Kifungu alisimama akauliza kwa nini wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya mji inalaza akina mama watatu kitanda kimoja. Waziri akajibu kwamba kila mama ana kitanda chake na shuka zake safi. Bi Kifungu akasema waziri anasema uongo. Spika akamtaka afute kauli. Akakataa. Rungu likalia, na Winchi akatoka kwenye nafasi yake ukutani na shuka ya buluu mkononi, akienda polepole kuliko siku nyingine, kwa sababu wodi ile alikuwa ameifanyia kazi miaka yote kumi na sita. Vitanda vile alivijua kwa milio ya vyuma vyake. Alikuwa amewainua akina mama wale kwa mikono hiyohiyo, mmoja kati ya wawili, ili mtoto wa wa tatu apate pa kuzaliwa. Sasa kwa mikono hiyohiyo akamwinua aliyesema kweli na kumpitisha mbele ya waziri, aliyekuwa akifungua peremende.

Kwenye benchi alinong'ona, "Ni kweli, Mheshimiwa. Wodi namba nane. Watatu watatu. Mimi nilikuwepo."

Bi Kifungu akatia mguu kwenye kiatu. "Najua ni kweli. Ungeyasema mle ndani ningekushukuru zaidi."

Winchi alirudi kazini akiwa amevimba kwa hasira. Askari hana ruhusa ya kusema ukumbini, hata kukohoa anaombea radhi, na yule mama alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Siku tatu alimkasirikia Bi Kifungu. Ya nne akagundua kwamba anayemkasirikia ni mwingine, na huyo alikuwa analala naye, anaamka naye na kuchana naye nywele kwenye kioo. Lakini aliendelea na kazi. Miaka ikaenda, mara tisa zikawa kumi na tano, kumi na tano zikawa ishirini na tatu. Binti akamaliza chuo, akawa mwalimu. Wodi namba nane ikaongezewa vitanda, na waziri akaenda kukata utepe.

Mwaka wa kumi na nne Bi Kifungu akaugua. Ugonjwa ulikuwa wa damu, wa kukaa nao, na madaktari hawakumficha. Akaandika barua kwa Spika kuomba ruhusa ya kutohudhuria, kwa kuwa kanuni ilikuwa wazi: mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa, kiti chake kimekwenda. Barua ya kwanza ilisemekana haikufika. Ya pili ilifika masjala, ikagongwa muhuri, ikapotea. Ya tatu katibu wake aliipeleka kwa mkono akaambiwa aache pale juu ya kabati. Mkutano wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukawa unaelekea ukingoni. Wabunge wenzake wa upinzani walipopiga kelele juu ya barua hizo, Spika aliwasimamisha wote kwa mpigo, vikao kumi. Viti vya upande wao vikabaki vitupu, na wahudumu wakawa wanavipangusa vumbi.

Siku mbili kabla ya mkutano wa tatu kufungwa, Winchi alikwenda hospitali saa za kuona wagonjwa. Wauguzi walimkumbuka, wakampitisha bila maswali. Alimkuta Bi Kifungu ameegemea mito, amebaki macho na miwani.

"Umekuja kunitoa na huku?" aliuliza mgonjwa.

"Mheshimiwa, nimekuja kukuona tu."

"Hapa hakuna mheshimiwa. Hapa mimi ni kitanda namba sita. Niite dada." Akavuta pumzi. "Unajua wataandika nini Ijumaa? Wataandika mtoro. Kufa nitakufa, hilo tumekwisha kukubaliana mimi na daktari. Lakini watu wangu walinituma mara tatu. Waje wasome kwamba mama yao alikuwa mtoro? Hapana. Nife nikiwa mbunge wao. Nikidondoka kesho yake, potelea mbali."

"Na ukifika Ijumaa, hata nusu saa?"

"Nikifika na kuonekana, hesabu ya mikutano inavunjika. Sina wa kunifikisha. Mgeni haruhusiwi kuvuka mstari wa ukumbi, kiti cha magurudumu hawakiruhusu, wenzangu wako nje ya geti. Wanaoruhusiwa kuvuka ule mstari ni wabunge na askari wa Bunge." Alisema hayo akitazama dirishani. Hakuomba. Hakuwa mtu wa kuomba, na pengine alijua kwamba angeomba angekataliwa.

Winchi alizikung'uta kwa mkono shuka za kitanda, akazinyoosha, kama alivyofanya zamani. "Utumie dawa saa moja kamili," alisema mwishowe. "Katibu wako akulete mlango wa jikoni. Una ngazi mbili tu."

Usiku huo hakumweleza mumewe. Alimweleza asubuhi, mzee akiwa anapiga pasi sare yake.

"Umebakiza miezi saba ustaafu," fundi alisema.

"Najua hesabu yangu."

"Sikukatazi. Nakukumbusha tu, usije ukasema sikukukumbusha." Akageuza koti, akapiga pasi mabega. "Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe umenyooka."

Ijumaa Spika alifungua kikao saa tatu. Saa nne kamili Katibu wa Bunge, bwana mwenye vidole virefu, alifunga kitabu cha mahudhurio akakitia kwenye mkoba wake na kuufunga kwa ufunguo. Dakika kumi baadaye Winchi aliuacha ukuta wake bila kuruhusiwa, akashuka hadi jikoni. Gari lilikuwa limekwisha kufika. Akafungua mlango wa nyuma, akapitisha mikono kama kawaida, akakunja magoti akijiandaa kwa uzito anaoujua, na nusura aanguke chali. Hapakuwa na uzito. Mwanamke aliyembeba mara ishirini na tatu alikuwa amebaki kama nguo zilizokauka kambani. Hapo ndipo hasira yake ilipokomaa. Wamemsubiri mpaka amekuwa hivi, alisema moyoni, halafu wanaficha barua.

Aliingia naye ukumbini kwa mlango mkubwa. Waziri mmoja alikuwa akisoma hotuba kuhusu mabwawa, akanyamaza, akaendelea, akanyamaza tena. Askari wenzake wa kiume walimtazama Winchi akivuka mstari, wakatazama sakafu. Akamweka Bi Kifungu kwenye kiti chake cha mbele, akamfunga mtandio wake vizuri, akasimama nyuma yake.

Spika hakuinua macho. Alikuwa mtu mjanja, na ujanja wake ulikuwa huo: asiyeandikwa kitabuni na asiyetajwa na Kiti, hayupo. "Mheshimiwa Waziri, endelea," alisema.

Bi Kifungu akawasha kipaza sauti. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika."

"Waziri, endelea."

"Kuhusu utaratibu."

"Endelea, Mheshimiwa Waziri, Bunge linakusikiliza."

Basi Bi Kifungu akaanza kuzisoma Kanuni za Bunge kutoka kichwani, tangu namba moja. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini kipaza sauti kilikuwa kizima. Kanuni ya kwanza, jina na matumizi. Ya pili, ufafanuzi. Waziri akasoma mabwawa kwa sauti kubwa zaidi, yeye akaendelea palepale, na ukumbi ukawa kama nyumba yenye redio mbili. Alipofika ya kumi na saba akapumzika, akanywa maji aliyonyweshwa na Winchi, akaendelea na ya kumi na nane. Upande wa pili mbunge mmoja mzee alianza kucheka kimyakimya, mabega yakimtikisika. Mwingine akamfuata. Spika aligeuka kushoto, akageuka kulia, akasogeza karatasi zake, akaugusa mshipa wa shingo.

Kwenye ya thelathini na moja Bi Kifungu aliacha kusoma kidogo. "Hii inayofuata inahusu adabu ya Spika," alisema. "Ni fupi, kwa sababu waliotunga hawakutegemea itahitajika."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hadi ghorofani. Na Spika, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa na jibu moja tu kwa mwanamke yule, maneno yakamtoka mdomoni kabla ya akili kuyawahi. Rungu likagonga meza.

"Mheshimiwa Kiongozi wa Upinzani, toka nje!"

Kicheko kikakatika. Mezani, waandishi wa taarifa rasmi walikuwa wameinamisha vichwa wakiandika, kwa kuwa wao huandika kila linalotoka kwenye Kiti. Katibu wa Bunge alifumba macho. Kisha akainuka akaenda kumnong'oneza Spika, na Spika akabadilika rangi.

"Nafuta kauli yangu," alisema Spika.

"Na kufuta nako wanaandika," Bi Kifungu alisema. "Asante kwa kuniona, Mheshimiwa Spika. Nilikuwa nimeanza kupata wasiwasi."

Spika alikuwa amekwisha kushindwa, na mtu aliyeshindwa hadharani hutafuta wa kumshika. "Askari! Mtoe huyo nje! Sasa hivi!"

Winchi hakusogea.

Bi Kifungu akageuza shingo kidogo, akasema chini kwa chini, "Nitoe, mdogo wangu. Tumeshinda."

"Wewe umeshinda, dada," alijibu Winchi. "Mimi bado."

Akaiweka mikono yake nyuma, akamtazama Spika usoni, jambo ambalo askari wa Bunge hafanyi. Kisha akasema kwa sauti ya kutosha, bila kupaza, kama aliyekuwa akiita jina la mgonjwa anayefuata: "Simtoi. Na wodi namba nane walikuwa wanalala watatu watatu. Nilifanya kazi pale."

Hakuna aliyejua la kufanya na maneno hayo. Yalikuwa yamechelewa miaka minane, yalitoka kwa mtu asiyeruhusiwa kusema, na waziri aliyehusika alikuwa amekwisha kuhamishiwa wizara nyingine. Lakini yule waziri, kwenye kiti chake kipya, aliinama akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Spika akawaamuru askari wa kiume. Nao walikuwa wanne, wakatazamana, kama walivyotazamana wenzao miaka kumi na minne iliyopita, na hakuna aliyetoa mguu. Spika akaahirisha Bunge. Bi Kifungu akakaa kwenye kiti chake hadi mtu wa mwisho alipotoka, akitazama ukumbi mtupu kwa macho ya mtu anayekagua nyumba aliyoijenga, na alipotaka kuondoka mwenyewe, ndipo alipoinua mkono, na Winchi akambeba.

Alifariki wiki tano baadaye, akiwa mbunge. Bunge lilikaa nusu siku kumwombolezea. Spika alisema marehemu alikuwa mpenda kanuni na kwamba hakuwahi kuwa mtoro, na pande zote wakapiga meza.

Winchi hakuyasikia hayo kwa masikio yake. Siku hiyohiyo alikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la utawala, kwenye chumba chenye feni mbovu, mbele ya kamati ya nidhamu. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa yuleyule mwenye kitambi aliyewahi kukalishwa mezani, sasa amezeeka, na alikuwa anamwonea huruma. Alimsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba askari alirubuniwa na marehemu, aliyetumia udhaifu wa moyo wake, na kwamba anajuta.

"Weka sahihi, mama," alisema kwa upole. "Marehemu hadhuriki tena. Wewe utamaliza miezi yako, utakwenda kwako kwa heshima."

Winchi aliisoma yote, kwa kidole, mstari kwa mstari. Akairudisha.

"Basi itabidi tuandike kwamba umekana kosa."

"Sikani," alisema Winchi. "Kosa nimefanya. Andikeni."

Karani akashika kalamu. Mwenyekiti akashusha pumzi, akaona mambo yamekuwa rahisi. "Haya, lieleze kwa maneno yako mwenyewe."

"Nilimtoa mara ishirini na tatu."